Maji Matamu na Maji ya Bahari Yanavyokutana Chini ya Ardhi

Huenda msomaji wetu wa Sigino, akaaye mbali na bahari zaidi ya maili 200, akauliza: "Habari za maji ya pwani zanihusu nini mimi?" Swali hilo ni la haki, nasi twalijibu kwanza kabla ya kuendelea. Siku hizi vijana wa Babati hawakai kwao tu. Wako waendao Dar es Salaam, Tanga, Bagamoyo na Unguja kutafuta kazi, na wengine hununua viwanja huko na kujenga. Na mtu aendapo ugenini huchukua pamoja naye desturi za kwao. Desturi moja ya watu wa bara ni hii: kisima kikikauka, ongeza kina. Kwetu desturi hii mara nyingi ni njema, na wazee wametuachia kwa sababu iliwafaa. Lakini pwani desturi hiyo hiyo yaweza kumharibia mtu kisima chake, fedha zake, na maji ya jirani zake pia. Ndiyo maana tumeona yafaa kuwaeleza wazee, walimu na wasomaji wote jinsi mambo yalivyo.

Natutoe mfano. Tuseme kijana ametoka Sigino akaenda Kigamboni, ng'ambo ya bandari ya Dar es Salaam. Amepata kiwanja si mbali na ufuko, amechimba kisima, na kwa kina cha futi 20 ameyapata maji matamu. Anafurahi. Baada ya miaka michache nyumba zimekuwa nyingi, kila ua una kisima chake na pampu yake, na maji katika kisima cha kijana yameanza kupungua. Hapo anakumbuka maneno ya baba yake. Anawaita mafundi, wanachimba hata futi 80, na maji yanakuja kwa wingi. Anayaonja, ni ya chumvi. Fedha alizoziweka kwa miaka zimezama, mkewe anarudi kununua maji kwa ndoo, na mwezi ufuatao jirani naye anaanza kulalamika kwamba chai yake ina chumvi. Mtu huyu tumemtunga ili kufafanua jambo, lakini balaa yenyewe si ya kutungwa, ni ya kweli. Basi maji ya bahari yalifikaje chini ya ua wake, na bahari yenyewe iko mbali kiasi hicho?

Kwanza yatupasa kujua maji ya kisima hutoka wapi. Watu wengi hufikiri kwamba chini ya ardhi kuna mito ipitayo gizani kama mishipa mwilini, na kwamba fundi akiupiga mshipa hupata maji. Pako mahali pachache penye mapango ambapo maji hupita hivyo, lakini kwa kawaida sivyo. Mvua inyeshapo, maji mengine hutiririka kwenda mtoni, mengine hunyweka na miti na jua, na sehemu nyingine huzama. Hayo yaliyozama huketi katika nafasi ndogo zilizopo kati ya chembe za mchanga na katika nyufa za mawe. Mtu akitaka kuona, na ajaze kopo mchanga mkavu hata ukingoni, kisha atie maji polepole. Ataona kopo lililoonekana limejaa bado lapokea maji mengi. Ardhi yetu ni kama kopo hilo. Tena maji hayo hayakusimama. Huenda polepole sana kuelekea mabondeni, na katika nchi za pwani huelekea baharini.

Ule mchanga wa pwani, pamoja na mwamba wa matumbawe, haukomi penye ufuko. Huendelea chini ya bahari. Na kwa kuwa nafasi zake zimefunguka pande zote mbili, upande wa nchi hujazwa na mvua, na upande wa bahari hujazwa na bahari. Kwa hiyo maji ya namna mbili hukutana humo gizani, wala hakuna ukuta kati yao. Kinachoyatenga ni uzito.

Ndoo ya lita 20 ikijazwa maji matamu, maji yale yana uzito wa kilo 20. Ndoo iyo hiyo ikijazwa maji ya bahari, uzito wake ni kilo 20 na nusu, maana ndani yake mmeyeyuka chumvi ya gramu 700 hivi. Nusu kilo kwa ndoo ni kitu kidogo, mchukuzi hataitambua begani. Walakini kwa ardhi ni jambo kubwa, kwani kilicho kizito hushuka na kilicho chepesi hukaa juu yake. Mwalimu aweza kuwaonyesha watoto darasani. Na atie yai bichi katika bilauri ya maji matamu: litazama. Kisha akoroge chumvi nyingi katika maji yale: yai litapanda na kuelea. Yai halikubadilika, maji ndiyo yaliyoongezeka uzito.

Basi chini ya nchi ya pwani maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi kama dau lililopakia shehena. Mtu akitazama dau majini huona ubavu mdogo tu juu, na sehemu kubwa imezama. Ndivyo yalivyo maji matamu: sehemu ndogo imeinuka juu ya usawa wa bahari, na sehemu kubwa imeshuka chini ya usawa huo. Kiasi chake twaweza kukipata kwa ndoo zetu. Ndoo 40 za maji ya bahari zina uzito wa kilo 820, na ndoo 41 za maji matamu zina uzito wa kilo 820 vile vile. Maana yake, mnara wa maji matamu wenye urefu wa futi 41 husawazika na mnara wa maji ya bahari wenye futi 40. Kwa hiyo kila futi 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hushikilia futi 40 nyingine chini ya usawa huo. Kisimani maji yakisimama futi 3 juu ya bahari, maji matamu yaweza kushuka futi 120 chini ya bahari kabla ya kukutana na chumvi.

Hesabu hii si ya jana. Mwaka 1828 Joseph Du Commun, akiwa Marekani, aliandika kwamba maji matamu na ya bahari husawazika chini ya ardhi kwa uzito. Maneno yake hayakushikwa sana. Baadaye Willem Badon Ghijben, askari mhandisi wa Uholanzi, aliieleza habari hiyo katika mwaka 1889, na Mjerumani Alexander Herzberg akaieleza tena mwaka 1901, alipochunguza visima vya visiwa vya Bahari ya Kaskazini. Hawa wawili hawakusaidiana, kila mmoja aliifikia kwa njia yake, na hata leo wataalamu wa maji huiita kanuni hiyo kwa majina yao.

Watu wa pwani yetu waliitumia neema hii kabla ya kujua hesabu yake. Huko Mangapwani, kaskazini ya mji wa Unguja, kuna pango katika mwamba wa matumbawe, na ndani yake mna maji matamu, ijapokuwa bahari iko karibu. Na Sultani Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, alijenga mfereji wa kuleta maji mjini Unguja kutoka chemchemi za upande wa Bububu. Maji hayo yalikuwa ni mvua ya kisiwani iliyozama, ikapita ardhini ikielekea baharini, ikatokeza kabla ya kufika.

Sasa twafika penye jambo lenyewe la kuchanganyika. Tumesema dau na bahari, lakini mfano huo una mpaka wake. Ubao wa dau hauyeyuki, na maji huchanganyika na maji. Kati ya matamu ya juu na chumvi ya chini pana tabaka la maji vuguvugu kwa ladha, si matamu wala si chumvi kabisa. Mahali pengine tabaka hilo ni jembamba, pengine ni nene kwa makumi ya futi. Sababu zake ni hizi. Kwanza, chembe za mchanga huyagawa maji katika njia elfu, nyingine pana na nyingine nyembamba, na maji yaliyotoka pamoja hufika mbalimbali. Pili, bahari haitulii. Mara mbili kwa siku hujaa na mara mbili hupwa, na wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa katika pwani yetu yaweza kupita futi 10. Kila ijaapo huyasukuma maji ya ardhini nyuma, na kila ipwapo huyaachilia. Ndiyo maana kisima kilicho karibu na ufuko huweza kupanda na kushuka pamoja na bahari. Tatu, masika hunenepesha maji matamu na kiangazi huyakondesha, na ule mpaka huenda na kurudi mwaka kwa mwaka.

Tena liko jambo la ajabu zaidi. Watu walidhani zamani kwamba maji ya bahari yaliyoko chini ya nchi yamelala tu. Mwaka 1959 Hilton Cooper, mtaalamu wa Marekani, alieleza kwamba hayalali. Maji mazito ya bahari huingia nchini kwa chini. Yafikapo penye mpaka huchanganyika na maji matamu, yakawa mepesi kidogo, na kwa wepesi huo hupanda na kuchukuliwa na maji matamu yarudiyo baharini. Bahari nyingine huingia chini kujaza nafasi yake. Basi chini ya ufuko kuna mzunguko usiokoma: bahari yaingia kwa mlango wa chini, na yatoka kwa mlango wa juu ikiwa imechanganyika. Mwaka 1996 Willard Moore alipima madini yaitwayo radiamu katika bahari ya pwani ya South Carolina, huko Marekani, akakadiria kwamba maji yatokayo ardhini kuingia bahari ile yalikuwa kama sehemu 40 katika kila 100 za maji ya mito yake. Kumbe bahari hunyweshwa na mito, na pia hunyweshwa kwa siri na ardhi.

Kutoka huko kwa maji si hasara. Maji matamu yatokayo ndiyo yanayoizuia bahari isiingie. Mtu asiseme, "Maji haya yapotea bure baharini, afadhali tuyachote yote." Mlinzi aliyesimama mlangoni hapotezi siku yake. Ukimwondoa, mwizi ataingia.

Na bahari haihitaji kuingia sana ili iharibu kisima. Ukitia vikombe 2 tu vya maji ya bahari katika vikombe 98 vya maji matamu, chumvi yake itaonjeka, na maji yale hayapendezi tena kunywa. Ongeza zaidi, na sabuni haitatoa povu vizuri, sufuria na mabomba yataanza kulika kutu, mchicha utaungua majani, na maji hayafai tena nyumbani.

Sasa turudi kwa kijana wetu wa Sigino. Pampu zilipokuwa nyingi, zilishusha usawa wa maji matamu. Tuseme ulishuka futi 1 tu. Juu ya ardhi futi 1 si kitu, lakini mzani wa chini umebadilika, na baada ya muda chumvi hupanda futi 40. Ukishuka futi 2, hupanda futi 80. Haipandi kwa siku moja, na kwa sababu hiyo watu hudanganyika, wakifikiri mambo ni salama. Tena chini ya kisima chenyewe kivutwacho kwa nguvu, chumvi huinuka kama kichuguu na kukifuata kinywa cha bomba. Naye kijana, badala ya kuipunguza pampu yake, aliushusha mdomo wa bomba akaupeleka chumvi ilikokuwa ikija. Nyumbani kina ni njia ya kuyafikia maji. Kule aliko sasa kina ni njia ya kuifikia bahari.

Haya si maneno ya nadharia tu. Mji wa Dar es Salaam hunywa hasa maji ya mto Ruvu, kwa mitambo ya Ruvu Juu iliyojengwa mwaka 1959 na Ruvu Chini ya mwaka 1976. Mji ulikua kupita mabomba yake. Katika ukame wa mwaka 1997 visima vingi vilichimbwa ili kuwaokoa watu na kiu, na baada ya hapo watu binafsi, mahoteli, viwanda na mashule waliendelea kuchimba. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba mkoa huo una watu zaidi ya milioni 5. Wataalamu waliopima visima wamekuta chumvi ya bahari katika visima vya karibu na pwani, na wameona kwamba kuvuta kupita kiasi ni sababu mojawapo kubwa.

Hapa msomaji makini atatushika. Atasema: "Mbona visima virefu sana vya Kimbiji, upande wa Kigamboni, vimekwenda chini mamia ya futi navyo vyatoa maji matamu?" Ni kweli. Lakini huko chini kuna matabaka manene ya mchanga yaliyofunikwa na matabaka ya udongo mzito, na maji yake hulishwa na mvua inyeshayo mbali na ufuko. Udongo ule huyatenga na bahari. Wataalamu waliyachunguza kwa miaka kabla ya kuyatumia. Mwaka 2022, ukame ulipoupunguza mto Ruvu, visima vya upande huo viliusaidia mji. Basi hatusemi kwamba kila kisima kirefu cha pwani ni kibaya. Twasema kwamba kina bila uchunguzi ni kamari, na mali ichezwayo katika kamari hiyo ni ya mtaa mzima.

Ndugu zetu waliohamia Omani wanaijua habari hii kwa uchungu. Katika pwani ya Batinah, kaskazini-magharibi ya Muskati, kwa karne nyingi wakulima walivuta maji ya visima kwa ng'ombe, wakanywesha mitende na ndimu. Ng'ombe huchoka, na kuchoka kwake kulikuwa kipimo: alipopumzika yeye, kisima nacho kilipumzika. Tangu miaka ya 1970 pampu za mashine zilienea, na mashine haijui kuchoka. Mashamba yaliongezeka, maji yakashuka, bahari ikaingia. Ndimu zilikufa mapema, kwa kuwa hazistahimili chumvi, na baadaye hata mitende, mti uvumiliao mengi, ilidhoofika, na mashamba mengine yakaachwa. Serikali yao ikajenga mabwawa ya kuyashika maji ya mafuriko ili yazame ardhini badala ya kukimbilia baharini. Bwawa la Al Khawd lilimalizika mwaka 1985.

Na Waholanzi, ambao mmoja wao aliieleza kanuni yenyewe, hawakuepukana na kosa. Mji wa Amsterdam umekunywa maji ya vilima vya mchanga vya pwani yake tangu mwaka 1853. Maji yalipopungua, mwanzoni mwa karne ya 20 walishuka kuchota yaliyo chini zaidi, kama kijana wetu, na chumvi ikaanza kuwapandia. Dawa waliyoifanya ni hii: tangu mwaka 1957 wamekuwa wakileta maji ya mto Rhine na kuyazamisha katika mchanga ule, ili wayachote baada ya kuchujwa. Yaani waliacha kuchota tu, wakaanza kulipa. Methali yetu yasema, "Chovya chovya humaliza buyu la asali." Walio na busara hulijaza buyu wakingali wanachovya.

Tena bahari yenyewe yazidi kuinuka. Tangu mwaka 1900 usawa wa bahari duniani umepanda kama inchi 8, kwa sababu ya joto liyeyushalo barafu na kuyatanua maji. Inchi 8 chini ya mlima si kitu, lakini mahali ambapo maji matamu yameinuka futi chache tu juu ya bahari, nchi tambarare na visiwa vidogo hudhurika. Hata hivyo mtu asijifiche nyuma ya bahari. Katika miji mingi pampu hudhuru mapema kuliko kuinuka kwa bahari, na pampu i mikononi mwetu.

Je, Sigino kuna funzo gani? Bahari haitatufikia, lakini mambo mawili ni yale yale. La kwanza ni kwamba maji matamu na mabaya hukaa jirani hata bara. Ziwa Babati ni la maji baridi, lina samaki na viboko. Ziwa Manyara, lililo upande wa kaskazini, ni la magadi, kwa maana hakuna mto utokao humo: jua huyanyanyua maji na kuiacha chumvi. Tena katika mikoa ya kaskazini maji ya ardhini hupita katika mawe ya volkano, na mahali pengine huokota madini ya floridi. Hayo hayaonjeki kama chumvi, lakini yakizidi huyageuza meno ya watoto rangi ya hudhurungi, na yakizidi sana hupinda mifupa. Kwa hiyo kwetu nako kisima kipya chapasa kupimwa na wataalamu kabla watoto hawajanywa. La pili ni kwamba maji ya chini ni ghala moja la watu wote. Msitu wa mlima Kwaraa ukikatwa, mvua hukimbia juu badala ya kuzama, na mwenye kisima bondeni hulipa deni la aliyekata juu.

Sheria nayo yatuelekeza hivyo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, namba 11 ya mwaka 2009, imeyaweka maji ya mito, maziwa na ya chini ya ardhi kuwa amana ya umma, na imeweka bodi za mabonde kuyasimamia. Babati ni ya Bonde la Kati, ambalo ofisi yake iko Singida. Dar es Salaam ni ya Bonde la Wami na Ruvu. Aendaye pwani na aulize huko kabla ya kumwita fundi.

Basi twayaweka mashauri yetu kwa ufupi, ili mwalimu ayasome shuleni na mzee ayaseme barazani.

Kwanza, ufikapo pwani, waulize majirani habari za visima vyao kabla hujanunua kiwanja: kina chake, ladha yake wakati wa kiangazi, na kama ladha hiyo imebadilika tangu zamani.

Pili, kisima cha karibu na bahari kikipungua, usikiongeze kina kwa haraka. Punguza kuvuta kwanza. Vuta kidogo asubuhi na kidogo jioni, ukiache kipumzike katikati, kama ng'ombe wa Batinah alivyokipumzisha.

Tatu, visima vichache vya kina kifupi, vilivyotengana, vivutavyo polepole, ni afadhali kuliko kimoja kirefu kivutacho kwa nguvu. Lakini kifupi na kiwe mbali na vyoo, maana uchafu nao huzama.

Nne, onja maji yako kila mwezi na uandike. Ukiona chai yabadilika, sabuni yakataa povu, au mboga zaungua ncha za majani, simamisha pampu na uwaarifu wenye mamlaka. Usingoje mpaka yawe kama ya bahari, kwani chumvi ikiisha kuingia mchangani huondolewa na mvua tu, na kazi hiyo yaweza kuchukua miaka mingi.

Tano, kinga mvua ya paa kwa tangi, na uache sehemu ya ua bila sementi. Kila tone lizamalo huizuia bahari nje.

Sita, kisima kirefu kilichoharibika kisiachwe wazi. Na kizibwe kwa shauri la wataalamu, maana ni njia ya chumvi kupita kutoka tabaka hata tabaka.

Wazazi wa Sigino wamwagapo kijana wao aendaye pwani humpa nauli, chakula cha njiani na maneno mema. Twawasihi waongeze neno moja: kwamba maji ya huko yaelea juu ya bahari, na anayechota pasipo kipimo huwachotea jirani zake chumvi. Neno hilo halina uzito mfukoni, nalo laweza kumwokolea akiba ya miaka mingi.